Franco Luambo Makiadi na Mahasimu Wake: Ushindani Uliokuza Rumba ya Kongo

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii ina ukweli wake katika mambo mengi ya dunia, lakini historia ya muziki wa Kongo yaipinga. Katika jiji la Kinshasa, lililojulikana kama Léopoldville hadi mwaka wa 1966, fahali kadhaa wa muziki waliishi katika zizi moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Walipigana pembe, wakanyang'anyana malisho, wakasemana hadharani, zizi halikubomoka. Lilipanuka hadi likalienea bara zima. Mmoja wa fahali hao alikuwa François Luambo Luanzo Makiadi, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina fupi la Franco.

Aghalabu wanaosimulia maisha ya Franco humsawiri kama mbuyu uliosimama peke yake nyikani: alizaliwa na kipaji, akakikuza, akatawala, akafa. Taswira hiyo ina kasoro. Kando ya kila hatua kubwa aliyoipiga pana alama ya unyayo wa hasimu fulani. Joseph Kabasele alimfanya atafute sauti yake mwenyewe. Nicolas Kasanda, maarufu kama Docteur Nico, alikuwa kipimo ambacho kila mpiga gitaa wa zama hizo alipimwa nacho, Franco akiwemo. Tabu Ley Rochereau alimfanya alitazame jukwaa kwa jicho jipya. Naye Franco aliwafanyia wao yayo hayo. Kuyaandika maisha yake pasi na mahasimu wake ni sawa na kuisimulia ngonjera kwa kutaja beti za upande mmoja tu.

Gitaa la Sokoni

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 katika mji mdogo wa Sona Bata, magharibi mwa nchi iliyoitwa wakati huo Kongo ya Kibelgiji. Babake, Joseph Emongo, alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Léopoldville Franco akiwa bado mdogo. Baba alifariki kabla mwanawe hajaufikia ujana, na mzigo wote wa malezi ukamwangukia mama, Hélène Mbonga Makiese, ambaye alikaanga maandazi na kuyauza katika soko la Ngiri-Ngiri. Masomo ya kijana yalikatika mapema. Alijiundia gitaa la mkebe na nyaya, akawa analipiga kando ya meza ya mamake ili kuwavuta wateja.

Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Wapo wanamuziki walioanzia kanisani na wapo walioanzia shuleni. Franco alianzia sokoni, mahali ambapo kila muuzaji hupaza sauti ili mnunuzi asisimame kwa jirani. Tangu utotoni, muziki kwake ulikuwa chombo cha kumshinda aliye kando. Alijua pia kwamba sauti ya jirani haipuuzwi: husikilizwa kwa makini, kisha huzidiwa.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Paul Ebengo, aliyejulikana kama Dewayon, kijana mkubwa kwake aliyekuwa na gitaa halisi. Wakapiga muziki pamoja katika kikundi kilichoitwa Watam. Mnamo 1953, akiwa na umri wa miaka 15, Franco alipokelewa katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na mfanyabiashara Mgiriki aliyeitwa Papadimitriou. Aliyemlea humo alikuwa Henri Bowane, mpiga gitaa ambaye mwaka wa 1948 alishirikiana na Wendo Kolosoy katika wimbo maarufu wa “Marie-Louise” kwa studio nyingine, Ngoma. Bowane alikuwa amevuka kutoka kambi moja hadi nyingine, akabeba ujuzi wake. Ndiye anayesifiwa kwa kuikuza sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa kushika usukani. Ndiye pia aliyempa kijana Luambo jina la Franco.

Studio za wakati huo zilikuwa na ushindani mkali. Ngoma, Loningisa na Opika kila moja ilikuwa na wanamuziki wake, iliwapa vyombo, na ilitaka santuri zake ziuzwe kuliko za mwingine. Wanamuziki nao walihamahama kufuata ala nzuri na malipo bora. Hivyo mbinu iliyobuniwa katika studio moja haikukaa siri kwa muda mrefu. Biashara iliyonuiwa kuwatenga wasanii ndiyo iliyowaunganisha.

Shule Mbili

Mwaka huo huo wa 1953, Joseph Kabasele aliunda bendi ya African Jazz. Kabasele, aliyezaliwa mwaka wa 1930 na kuja kuitwa Le Grand Kallé, alimtangulia Franco kwa umri, kwa elimu na kwa hadhi. Uimbaji wake ulikuwa laini na wa kujidai kistaarabu. Bendi yake ilivalia suti nadhifu, ikapanga sauti kwa utulivu na kuwavutia wale waliotamani maisha ya mjini ya kisasa. Mkononi mwake alikuwa na Nico Kasanda, kijana wa Kasai aliyezaliwa mwaka wa 1939, ambaye vidole vyake vilitiririsha noti kama maji yanayoteremka juu ya mawe. Kakake Nico, Charles Mwamba, maarufu kama Dechaud, alimwandamia kwa gitaa la pili.

Mnamo Juni 1956, vijana waliokuwa wakirekodi Loningisa waliunda bendi yao na kuanza kutumbuiza katika baa ya Oscar Kashama. Bendi ikaitwa OK Jazz. Miongoni mwa waanzilishi walikuwemo mwimbaji Vicky Longomba, mpiga saksafoni Jean-Serge Essous na Franco mwenyewe, aliyekuwa hajatimiza umri wa miaka 18. Kabla mwaka haujaisha walitoa wimbo “On entre O.K., on sort K.O.”, ambao jina lake lilichezea herufi za bendi na kumwonya yeyote aliyeingia ukumbini kwamba angetoka ameangushwa kama bondia. Mji mzima ulijua ni nani aliyekuwa akichokozwa.

Bendi hizi mbili zilichota maji katika kisima kimoja. Tangu miaka ya 1930, santuri za Kuba zilizouzwa chini ya alama ya GV zilienea katika bandari na miji mingi ya Afrika. Ndizo hizo hizo zilizomvutia Salum Abdallah kule Morogoro hata akaiita bendi yake Cuban Marimba. Wakongo waliusikia mdundo huo na kutambua ndani yake ngoma za mababu zao waliovushwa bahari utumwani. Kwa hiyo tofauti ya African Jazz na OK Jazz haikutokana na chanzo. Ilitokana na kile ambacho kila upande ulifanya na maji uliyoyachota.

Kabasele aliyachuja yakang'aa. Franco aliyachanganya na udongo. Gitaa lake lilikuwa zito na lenye kurudiarudia. Alivuta nyuzi mbili kwa pamoja kwa kidole gumba na cha shahada, akashikilia kipande kifupi cha muziki hadi wachezaji wazame. Mtindo huo ulikuja kuitwa Odemba. Uimbaji ulifuata lugha ya mitaani na nyimbo zilizungumza habari za wapangaji na wenye nyumba, wake na hawara, madeni na masengenyo. Hapana shaka kwamba Franco aliweza kujaribu kumwiga Kabasele, maana ndiye aliyekuwa kielelezo cha mafanikio. Lakini mwigaji wa Kabasele angekuwa Kabasele wa pili katika mji uliokwisha kuwa naye wa kwanza. Ubora wa hasimu ulimfungia Franco njia moja, na kwa kumfungia ukamwelekeza kwenye njia yake mwenyewe. Hili ndilo deni lake la kwanza kwa Kabasele, na pengine ndilo kubwa kuliko yote.

Brussels, 1960

Ushindani huo ulipata mtihani wake mkubwa mwanzoni mwa mwaka wa 1960. Viongozi wa Kongo walikuwa wameitwa Brussels katika Mkutano wa Meza ya Mviringo kujadili uhuru, na Kabasele akaalikwa kwenda kuwatumbuiza. Bendi aliyoiongoza safarini haikuwa African Jazz tupu. Pamoja na Nico na Dechaud walikuwemo Vicky Longomba na Armando Brazzos, wote wawili wa OK Jazz. Kundi hilo la mchanganyiko ndilo lililozaa “Indépendance Cha Cha”, wimbo uliokuja kuwa nembo ya uhuru si kwa Kongo pekee bali pia kwa mataifa mengine ya Afrika. Wimbo uliowataja wanasiasa wa vyama vilivyopingana ulichezwa na wanamuziki wa bendi zilizopingana.

Franco hakuwemo katika safari hiyo. Alibaki nyumbani huku wenzake wawili wakipata utukufu chini ya uongozi wa hasimu wake. Mtu mwenye moyo mwepesi angevunjika. Hata hivyo, mambo yaligeuka kwa namna isiyotarajiwa. Kabasele alianzisha kampuni yake ya santuri, Surboum African Jazz, mojawapo ya kampuni za mwanzo kumilikiwa na mwanamuziki wa Kongo, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru kampuni hiyo ikatoa nyimbo za OK Jazz pia. Kabasele alijua kwamba muziki wa mshindani wake ungeuzika, naye Franco alijua kwamba mlango uliofunguliwa na mshindani ni mlango vilevile. Baadaye Franco naye alianzisha kampuni zake mwenyewe. Somo la kumiliki kazi yako alilipata kwa kumtazama yule aliyekuwa akishindana naye.

Kufikia wakati huo alikwisha kuonja machungu ya kuachwa. Essous na wenzake kadhaa walikuwa wamejitoa katika OK Jazz, na mwaka wa 1959 wakashiriki kuunda Les Bantous de la Capitale ng'ambo ya mto, jijini Brazzaville. Franco mwenyewe alikuwa amefungwa kwa muda mwaka wa 1958 kwa makosa ya barabarani, na alipotoka umati ukampokea kama shujaa. Kutokana na misukosuko hiyo alijijengea tabia iliyomtofautisha na wengi: kila alipopoteza mwanamuziki aliijenga bendi upya, na mara nyingi kubwa kuliko ilivyokuwa.

Majibizano

African Jazz haikuwa na bahati hiyo. Mwaka wa 1963 wanamuziki wake wakuu, miongoni mwao Nico na mwimbaji kijana Tabu Pascal, aliyejulikana kwa jina la Rochereau, walimwacha Kabasele wakaunda African Fiesta. Ilipofika mwishoni mwa mwaka wa 1965, wawili hao nao walitengana: Nico akaongoza African Fiesta Sukisa, Rochereau akawa na African Fiesta National. Kwa Franco, hasimu mmoja alikuwa amezaa wawili.

Kipindi hiki ndicho kilichoshuhudia majibizano makali ya nyimbo. Mwimbaji Kwamy Munsi alitoka OK Jazz akajiunga na Rochereau, na kutoka huko akatoa wimbo “Faux Millionnaire”, wa kumbeza tajiri bandia. Kila msikilizaji alifahamu kuwa mlengwa ni Franco. Franco alijibu kwa wimbo alioupa jina la “Chicotte”, yaani kiboko, chombo ambacho kila Mkongo aliyeishi chini ya Wabelgiji alikijua vizuri mgongoni mwake.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuliona jambo hili kuwa geni. Malenga wa Mombasa na Lamu wa karne ya 19, Muyaka bin Haji akiwemo, walirushiana tungo za kejeli na mafumbo, na kila jibu lilidai ufundi zaidi kuliko swali. Vikundi vya beni vya pwani, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa magwaride na kwa nyimbo. Waimbaji wa taarabu wana mipasho yao. Wakinshasa nao wana utanzu wao wa mafumbo ya kuchomana, uitwao mbwakela. Katika sanaa zote hizi, mshairi anayejibu hulazimika kwanza kuusikiliza utungo wa mpinzani wake kwa makini kuliko hata shabiki wa mpinzani huyo. Lazima aijue mizani yake, aujue udhaifu wake, na autambue uzuri wake. Uadui wa aina hii ni namna ya usomaji wa karibu.

Ushindani ulimgusa Franco hata nyumbani mwao. Mdogo wake, Bavon Siongo, aliyejulikana kama Bavon Marie Marie, hakujiunga na OK Jazz. Alipiga gitaa katika bendi nyingine, Négro Succès, na kujipatia mashabiki wake mwenyewe hasa miongoni mwa vijana. Mnamo Agosti 1970 Bavon alifariki katika ajali ya gari. Franco aliweka gitaa chini kwa muda kutokana na msiba huo, na baadaye akautunga “Kinsiona”, wimbo wa maombolezo kwa Kikongo, lugha ya mamake. Aliyezoea kuimba ili asikike juu ya wengine safari hii aliimba kwa ajili ya sauti iliyokuwa imenyamaza.

Kuvuka Mstari

Desemba 1970 Rochereau alipanda jukwaa la ukumbi wa Olympia jijini Paris, jambo ambalo hakuna bendi ya Kiafrika iliyokuwa imelitenda kabla yake. Alirudi na mawazo mapya: mavazi ya kumeremeta, taa, na wasichana wa kucheza densi walioitwa Rocherettes. Onyesho halikuwa tena muziki wa kusikilizwa na kuchezwa tu. Lilikuwa tamasha la kutazamwa. Franco, ambaye kwa kawaida aliketi au kusimama imara na gitaa lake, hakuweza kupuuza mageuzi hayo. Baada ya muda jukwaa la OK Jazz nalo lilikuwa na wachezaji densi, na bendi ikazidi kupanuka kwa safu ya ala za kupuliza na waimbaji wengi wakuu.

Siasa nazo ziliingia. Mwaka wa 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na sera ya Rais Mobutu ya kurejea uasilia ikawataka raia waache majina ya Kizungu. François akawa Luambo Makiadi, Pascal akawa Tabu Ley. Bendi ya Franco ikatanguliza sifa ya Tout Puissant, yaani mwenye nguvu zote, nayo ya Tabu Ley ikaitwa Afrisa. Septemba 1974, wakati wa tamasha kubwa lililofungamanishwa na pigano la Muhammad Ali na George Foreman, bendi zote mbili zilipanda jukwaa moja na kina James Brown, B. B. King na Miriam Makeba.

Tukio lililowashtua mashabiki kuliko yote lilikuwa la mwaka wa 1972, pale Sam Mangwana alipotoka kwa Tabu Ley na kujiunga na Franco. Mangwana alikuwa zao la shule ya Kabasele: sauti laini, yenye hisia na matamshi ya kupendeza. Wengi walimwona kama msaliti. Lakini mwaka wa 1974, mtunzi wa OK Jazz, Simaro Lutumba, alimkabidhi Mangwana wimbo wake “Mabele”, tafakuri nzito juu ya ardhi, uhai na kifo. Wimbo huo ungali unahesabiwa miongoni mwa kazi bora za kishairi za OK Jazz. Katika wimbo huo shule mbili zilizopingana kwa takriban miaka ishirini zilikutana: ala nzito za Franco, ushairi wa Simaro na sauti iliyolelewa kwa mahasimu. Ndombe Opetum naye alifuata njia hiyo hiyo kutoka kwa Tabu Ley. Franco hakuhitaji tena kujitofautisha na shule ya Kabasele. Alikuwa amekomaa kiasi cha kuikaribisha nyumbani mwake.

Shinikizo lilitoka pia chini. Mpiga saksafoni Verckys Kiamuangana alimwacha Franco mwishoni mwa miaka ya 1960, akajenga kampuni iliyowainua vijana. Desemba 1969 kukazaliwa Zaïko Langa Langa, bendi ya vijana waliotupilia mbali ala za kupuliza na kuipa sebene mwendo wa kasi. Franco hakuzitupa ala zake za kupuliza, lakini hakulala. Katika miaka iliyofuata nyimbo zake zilirefuka, masimulizi yakawa marefu, na sebene ikapewa nafasi ya kutosha mwishoni. Zaidi ya hayo, Tabu Ley alipomwinua mwimbaji Mbilia Bel katika miaka ya mwanzo ya 1980 na nyimbo kama “Nakei Nairobi” zikatamba hadi Afrika Mashariki, Franco naye akafungulia mlango sauti za kike. Mwaka wa 1986 akarekodi na Jolie Detta.

Gharama ya Ushindani

Itakuwa si haki kuusifu ushindani huu bila kutaja waliouumia. Kabasele hakuirejesha kamwe African Jazz katika ukuu wake baada ya mwaka wa 1963. Nico, ambaye gitaa lake liliigwa kila pembe ya bara, alififia katika miaka ya 1970 na kufariki Brussels mwaka wa 1985. Franco, kinyume chake, alizidi kujilimbikizia nguvu: aliongoza chama cha wanamuziki, akasimamia kiwanda cha santuri cha MAZADIS, na akamiliki ukumbi wake mwenyewe, Un-Deux-Trois. Pale ambapo mshindani mmoja ndiye anayeshika funguo za kiwanda, mashindano hayawezi kuwa ya haki kwa wote. Naye hakuwa juu ya dola. Mwaka wa 1978 alifungwa kwa muda kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu.

Kwa hiyo ushindani si baraka tupu. Kilichowaokoa Franco na Tabu Ley wasiangamizane ni kwamba kila mmoja alikuwa na ufundi ambao mwenzake hakuweza kuupora. Franco angeweza kuwachukua waimbaji wa Tabu Ley, lakini si koo lake. Tabu Ley angeweza kuchukua wasanii wa Franco, lakini si vidole vyake.

Mkutano wa Waganga

Tarehe 11 Februari 1983, Joseph Kabasele alifariki. Mwaka huo huo, wale wawili ambao mashabiki wao walikuwa wamegombana vilabuni kwa miaka mingi waliingia studio pamoja. Miongoni mwa nyimbo walizorekodi ni “Lisanga ya Banganga”, jina ambalo msemaji wa Kiswahili aweza kulifumbua bila kamusi, maana banganga ni waganga: ni mkutano wa mafundi. Nyingine ni “Kabasele in Memoriam”, ya kumkumbuka marehemu. Tabu Ley alikuwa mwanafunzi wa Kabasele. Franco hakuwahi kuwa katika bendi ya Kabasele. Lakini aliposimama kumwomboleza alikuwa pia anamwomboleza mwalimu, kwa kuwa mtu hufundishwa na yule anayemfuata na hufundishwa vilevile na yule anayemkimbia. Sauti ya Tabu Ley na gitaa la Franco havikumezana. Vilipishana kwa heshima, kila kimoja kikijua mipaka ya kingine.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya mavuno. Wimbo wake “Mario” wa mwaka wa 1985, unaomhusu kijana msomi anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, ulipendwa mno Afrika Mashariki hata jina hilo likaingia katika Kiswahili cha mitaani, hasa nchini Tanzania, kwa maana hiyo hiyo. Mwaka wa 1987 alitoa wimbo mrefu wa kuonya juu ya ukimwi. Mwaka wa 1989, afya yake ikiwa imedhoofika sana, alirekodi tena na Sam Mangwana, yule yule aliyewahi kuitwa msaliti kwa ajili yake. Tarehe 12 Oktoba 1989 Franco alifariki mjini Namur, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Mwili wake ulirejeshwa Kinshasa na serikali ikatangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa. Tabu Ley aliishi hadi tarehe 30 Novemba 2013.

Matunda ya ushindani wao yalifika mbali na mto Kongo. Katika miaka ya 1970 bendi za Wakongo kama vile Super Mazembe na Les Mangelepa zilifanya makao Nairobi na kuimba kwa Kilingala na Kiswahili. Katika Super Mazembe aliimba Lovy Longomba, mwanawe yule Vicky aliyeianzisha OK Jazz na kuisaidia African Jazz kule Brussels. Wana wa Lovy ndio waliotamba nchini Kenya katika miaka ya 2000 kwa jina la Longombas, wakiimba muziki wa kizazi kipya. Kinshasa kwenyewe, mgawanyiko wa Wenge Musica mwaka wa 1997 na upinzani wa JB Mpiana na Werrason uliofuata uliendeleza desturi ile ile.

Mnamo Desemba 2021 UNESCO iliiorodhesha rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu wote, kwa ombi la pamoja la nchi mbili za Kongo. Orodha hiyo haikumtaja mshindi kati ya African Jazz na OK Jazz, wala kati ya Franco na Tabu Ley. Mashabiki wa Kinshasa walilibishania swali hilo kwa miaka thelathini na zaidi, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Santuri zenyewe zina jibu tofauti: aisikilizaye kwa makini kazi ya mmoja wao huisikia ndani yake kazi ya mwenzake.